Kiti cha Neno

Juu ya duka la dobi, Al-Khuwair, Jumapili na Jumanne baada ya Isha,
Bi Shinuna hutufundisha Kirusi. Tuko watano:
mimi na Masoud, madereva wa kupeleka watalii mchangani,
Ruqaya wa mapokezi hotelini, na vijana wawili wa Suwaiq
ambao hawajasema wanakitakia nini.
Mvuke wa pasi hupanda kutoka chini, vioo vikatoka jasho.
Yeye alisomea udaktari Voronezh,
enzi Unguja ikipeleka watoto wake penye theluji;
leo ngazi zetu hazipandi bila kupumzika mara mbili.

"Padezh," akaandika. "Maana yake kuanguka.
Jina husimama wima likiwa ndilo litendalo,
kisha huanguka, na kila anguko lina pembe yake.
Na mchunge irabu: mkisema padyozh, mmeua mifugo."
Vijana wa Suwaiq, wenye mbuzi kwao,
wakacheka kwa mara ya kwanza.

Tukadhani rahisi. Chuoni tulicharazwa kwa fatha, kasra na dhuma;
mwisho wa neno tulishazoea kuuogopa.
Tazama mkia, tukasema, utamjua mnyama.

Akaandika: Ya vizhu stol. Naona meza.
"Mkia uko wapi?"
Hakuna. Meza inayoonwa na meza iliyojisimamia
zimevaa kanzu moja, kofia moja.
"Basi ni hali moja au mbili?"
Masoud akasema moja. Ruqaya akasema inategemea.
Mimi nikanyamaza, ndiyo elimu yangu.

Akaifuta meza, mahali pake akakiweka kitabu:
si kniga tena, ni knigu. Mkia ukajitokeza.
"Mnaona? Kiti kilikuwapo. Meza ilikikalia bila kukibonyeza.
Usilihukumu neno kwa nguo yake. Linyanyue, mkalishe mwenziwe,
kisha tazama mwenziwe anabadilika nini."
Na kwa Kiswahili cha Ng'ambo, ambacho Maskati haijakifua:
"Simba mmoja, simba kumi, neno limegeuka?
Amekuja, wamekuja: ndivyo mlivyojua.
Nanyi mnakuja kunililia Kirusi kigumu."

Ziko ngapi? Sita, vitabuni.
Lakini akamimina chai ya maziwa kwenye gilasi,
akasema rangi ya chai ni ya chaya,
ila ukitaka kiasi tu, cha kunywa, wazee husema chayu;
na msitu, ukiwa ndani yake, v lesu,
ukiuzungumzia kwa mbali, o lese.
"Wako wanaozihesabu hizo, zikawa nane. Wako wanaoziita ukaidi.
Mimi siku ya mtihani nahesabu sita."

Jumanne tukafika kwa wenye roho.
Anayeonwa akiwa na roho, huazima kanzu ya mwenye mali:
stol hubaki stol, lakini brat huwa brata.
Nikauliza, sijui kwa nini mimi: na aliyekufa?
Akaweka kalamu chini.
"Pokoinik, marehemu: vizhu pokoinika. Ana roho.
Trup, mwili: vizhu trup. Kama meza.
Mtu yuleyule, ubao uleule."

Rajabu iliyopita, nyumbani Mabela, kabla ya alfajiri,
mtu wa msikitini alitoka chumbani, mikono ingali na kafuri,
akasema: Maiti imeshaoshwa.
Nikamwambia: Ameshaoshwa.
Akanitazama kama mtu aliyechanganyikiwa,
akanishika bega, akanipa maji.
Ilikuwa herufi moja tu niliyoipigania.
Kiti nilikijua. Jina lake sikulijua.

Kazi ya nyumbani: sentensi kumi za naona.
Tisa nilizimaliza ndani ya gari, nikingoja wageni wapige picha:
naona mchanga, naona ngamia, naona kituo cha petroli.
Ya kumi niliiandika jikoni, mama amelala:
Vizhu otsa. Namwona baba.

Bi Shinuna alisahihisha kwa kalamu nyekundu.
Ngamia nilimfanya meza; akamrudishia roho yake.
Kwenye ya kumi aliongeza alama moja tu,
kijimkia cha herufi tse, nilichokisahau.
Baba hakumgusa.